Usiondoke na Chai Tupu

Mdogo wangu wa Kilambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, maana kila mstari ulikuwa na jambo la kujibiwa. Umesema unajiandaa kukimbia kilomita 21 Mtwara mjini. Jumapili ile ulitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, tumboni una kikombe kimoja cha chai tupu, ukaifuata barabara ya mjini kwa mazoezi ya kilomita 18, ukageuza. Wakati wa kurudi jua lilikuwa limeshapanda na miguu ikakataa. Kizunguzungu, mikono inatetemeka, unasikia baridi katikati ya joto. Ukakaa chini ya mkorosho mpaka kijana wa bodaboda akakuonea huruma akakurudisha. Bibi akakupokea mlangoni na maneno: kukimbia ni kazi ya wanaume wa jeshini.

Mfikishie bibi shikamoo yangu. Alikuona umepauka, akaogopa, na mtu mzima akiogopa husema lolote. Lakini wewe usilibebe neno lile. Kilichokuangusha siyo uanamke, wala siyo huo "moyo mdogo" uliojiandikia mwenyewe mwishoni mwa barua. Uliishiwa chakula na maji. Dawa yake ipo, na karibu yote imo jikoni kwa bibi huyohuyo.

Umejilinganisha na mzee John Stephen Akhwari, ukasema yeye alimaliza na goti limefungwa bandeji, wewe umeshindwa na kilomita 18. Hapo nakukatalia kabisa. Mexico City, alikokimbia marathoni ya Olimpiki, ipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Siku ile ya Oktoba 1968 misuli ilimkaza Akhwari, akaanguka, akaumia goti na bega, na bado akafika wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Ni haki yetu kumheshimu mpaka leo. Ila ujasiri wake ulikuwa wa mtu aliyepatwa na ajali akiwa kazini, hakujinyima chakula kwa hiari yake ili aonekane jasiri. Ukiondoka nyumbani na njaa, hiyo ni ajali uliyoipika mwenyewe usiku wa kuamkia safari. Usiichanganye na ya mzee wetu.

Sasa sogea nikueleze kilichotokea mwilini. Wanga unaokula, uwe wali, ugali au muhogo, mwili huugeuza sukari na kuuweka akiba sehemu mbili: kwenye misuli na kwenye ini. Mtu mzima aliyekula vizuri huwa na kama gramu 400 hadi 500 za akiba hiyo. Kukimbia nako kuna bei yake: karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako kwa kila kilomita. Umesema una kilo 55. Basi kilomita 21 ni kalori 1,150 hivi, na marathoni nzima inapita 2,300. Akiba kamili inakupa kalori kati ya 1,600 na 2,000. Kwa hesabu hiyo nusu marathoni inaingia na chenji inabaki, marathoni nzima haiingii. Mafuta ya mwili yapo hata kwa mtu mwembamba, lakini mwili huyachoma taratibu. Hayawezi peke yake kukupeleka kwa mwendo unaoutaka.

Mbona basi wewe uliishiwa kwenye 18? Rudi kwenye barua yako. Umeandika kwamba Jumamosi ulikuwa kwenye shughuli ya harusi, ukachoka, ukalala bila kula cha maana. Usiku kucha ini lako lilikuwa linaulisha ubongo ukiwa umelala. Kulipokucha akiba ya ini ilikuwa imebaki kidogo sana, ukaongezea chai yenye vijiko viwili vya sukari, ukatoka. Ile baridi na kutetemeka ni sukari ya damu iliyoshuka. Jambo hili lina umri wa karne. Mwaka 1924 madaktari wa Boston waliwapima damu wakimbiaji baada ya marathoni ya mji wao, wakakuta waliofika hoi kabisa walikuwa na sukari ya chini sana kwenye damu. Mwaka uliofuata wakawahimiza wakimbiaji kula wanga zaidi kabla ya mbio na kumung'unya peremende njiani, na watu walewale wakafika wakiwa na hali nzuri zaidi. Peremende, mdogo wangu. Za dukani.

Kwa hiyo tuanze na chakula cha usiku, maana mbio ya Jumapili huanza kuliwa Jumamosi. Watafiti wa Kenya waliwahi kukaa na wakimbiaji kumi wakubwa wa nchi hiyo kambini wakipima kila kilichoingia mdomoni kwa siku saba, wakakuta zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyokula ilitoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi, mkate, sukari ya kwenye chai. Hakuna kilichotoka mbali. Huko Kilambo una wali, viazi vitamu, muhogo wa kuchemsha, na msimu wake ukifika una ming'oko, ambayo mimi nikiiona sokoni Mtwara siwezi kupita bila kununua. Kula moja ya hivyo, sahani ya kukushibisha, na kipande cha samaki. Usile mpaka ukashindwa kupumua. Na maharage mengi, mboga nyingi za majani au vya kukaanga, usiku huo viache. Vitakusumbua tumbo barabarani, na unajua vichaka vya njiani havina faragha.

Nikishataja muhogo, lazima nisimame, kwa sababu hapa nina hofu ya kweli. Muhogo mtamu wa kuchemsha hauna neno. Nazungumzia unga wa muhogo mchungu. Kusini tunaulima muhogo huo kwa sababu nguruwe pori na nyani hawaupendi na unavumilia ardhi ya kichanga, lakini una sumu ya sayanaidi inayotoka tu kwa kuloweka au kuvundika, kisha kuanika vya kutosha. Mwaka wa ukame au wa njaa watu hufupisha siku. Hapo ndipo unapokuja ugonjwa wa konzo: miguu yote miwili inakakamaa ghafla, na hairudi ilivyokuwa. Jina lenyewe limetoka kwa Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa huu uliandikwa katika mkoa wetu huu wa Mtwara, na wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mara nyingi mgonjwa huuona baada ya mwendo mrefu au kazi nzito. Unaelewa kwa nini nakuambia wewe, msichana unayekimbia kilomita 18?

Kama nyumbani mnakula ugali wa makopa na huna hakika aliyeuza unga aliharakisha au la, kuna njia rahisi. Weka unga mkavu kwenye beseni, sawazisha, tia alama ndani ya beseni pale unga ulipofikia. Mimina maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, simama. Utandaze juu ya mkeka, tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu iliyobaki hupotea hewani. Kisha pika ugali siku hiyohiyo. Na usile muhogo peke yake siku nenda siku rudi: samaki, dagaa, kunde na choroko huupa mwili vitu unavyohitaji kuivunja sumu ile. Hilo mwambie na bibi, kwa adabu, maana atasema amekula muhogo miaka sabini.

Asubuhi ya mbio. Ukiweza kuamka saa mbili kabla ya kuondoka, kunywa uji mwepesi wa bakuli moja wenye sukari, au kula mkate wa ajemi na chai, au ndizi mbivu mbili. Ukishindwa kuamka mapema hivyo, na najua kuamka saa tisa usiku ni mtihani, basi ndizi moja na chai yenye sukari dakika ishirini kabla. Chai yako naiacha, hata kahawa. Hazikaushi mwili kama watu wanavyosema, ilimradi umezizoea. Ninachokukataza ni chai kuwa peke yake.

Korosho je? Umeuliza kama unaweza kuweka za kukaanga mfukoni ule njiani, kwa kuwa nyumbani ndizo zilizojaa. Hapana, siyo njiani. Karibu nusu ya korosho ni mafuta, na mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Ukikimbia na korosho tumboni utaisikia kila hatua. Zile zihifadhi, ukimaliza kukimbia, ukaoga, ukakaa barazani, hapo zitakuwa na kazi nzuri. Karanga vivyo hivyo.

Sasa njiani ule nini? Mbio isiyofika saa moja haihitaji kula, maji yanatosha. Ikivuka saa moja, mwili wako unaweza kupokea gramu 30 hadi 60 za sukari kwa saa. Wakimbiaji wa marathoni waliofundisha matumbo yao hufika 90, lakini hao wanachanganya aina mbili za sukari na wamefanya mazoezi ya kula miezi mingi. Wewe anza na 30. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 25. Kijiko kikubwa cha asali, 17. Tende ndogo moja, tano au sita, na tende huingia mfukoni vizuri kuliko ndizi. Jeli za paketi wanazouza mijini nyingi zina 25 hivi, na ni nzuri, lakini kwa bei ya moja unanunua tende za wiki.

Kinywaji chako kitengeneze mwenyewe. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko vikubwa vitano vya sukari vilivyofutwa juu, siyo vya kilima, robo kijiko cha chai cha chumvi, kamulia ndimu. Koroga, onja. Kinapaswa kuwa na utamu wa kupendeza na chumvi unayoisikia kwa mbali tu. Humo mna gramu 60 za sukari. Ukinywa chupa moja ndogo ya nusu lita kwa saa umepata 30, ukiongeza tende tatu umefika karibu 50. Chumvi haikuwekwa kwa ajili ya ladha tu. Kwenye utumbo, sukari na chumvi hupita mlango mmoja zikishikana, na zikipita zinayavuta maji nyuma yake. Ni ujuzi uleule wa maji ya chumvi na sukari tunayowapa watoto wanaoharisha, yale ya vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja. Kila mama wa kliniki anayajua. Ya mkimbiaji yana sukari zaidi na chumvi pungufu kwa sababu mkimbiaji hatibiwi, analishwa.

Na dafu? Najua Kilambo mtu hawezi kuandika habari za kunywa akaacha dafu. Dafu ni zuri sana, lina madini ya potasiamu kwa wingi, na halikai vibaya tumboni. Ila sukari yake ni ndogo, na chumvi yake mara nyingi haifikii ile inayotoka na jasho. Jasho lako likikauka, tazama khanga uliyojifunga kichwani: ile michoro myeupe ni chumvi. Kwa hiyo kunywa dafu, litie punje za chumvi, na ule tende pembeni. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye makopo, vile vijana wa stendi wanavyokunywa, sivitaki mkononi mwako wakati wa kukimbia. Vina gesi, sukari iliyozidi na kafeini nyingi kwa mpigo. Soda ukikosa kingine, itikise gesi itoke, ichanganye na maji nusu kwa nusu.

Bibi amesema anayekunywa maji akikimbia hupata kichomi. Bibi hajakosea kabisa. Ukisubiri kiu ikuue halafu ukagugumia nusu lita kwa pumzi moja, tumbo litakubana kweli. Kunywa mafunda matatu manne kila dakika kumi au kumi na tano, kuanzia mapema, na anza kufanya hivyo kwenye mazoezi ya kila wiki. Tumbo hufundishika kama miguu. Wiki ya kwanza litalalamika, wiki ya nne litanyamaza. Ndiyo sababu nawasihi wote mnaosoma: siku ya mashindano usionje kitu kipya, hata ukipewa bure na mtu mwenye fulana nzuri.

Kiasi gani? Swali hili watu hulijibu kwa kukisia, na Mtwara kukisia ni hatari, kwa sababu joto letu ni la unyevu. Jasho linatoka, halikauki, linadondoka tu mchangani bila kuupoza mwili, na mwili unaendelea kutoa mengine. Kwenye kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Machi, hali ni mbaya zaidi kuliko kwenye kusi ya Juni na Julai. Mtu aliyefanya mazoezi kipindi cha kusi akakimbia kipindi cha kaskazi ni kama amehamia nchi nyingine. Mpe mwili siku kumi hadi kumi na nne za kukimbia taratibu kwenye joto hilo kabla ya kuudai kasi.

Pima jasho lako. Nenda zahanati umwombe nesi akupime uzito kabla ya kukimbia saa moja, ukiwa umetoka haja ndogo, na akupime tena ukirudi, umejifuta jasho, nguo zilezile nyepesi. Tuseme ulikuwa 55.0, umerudi 54.0, na njiani ulikunywa mililita 300. Umepoteza lita moja na mililita 300 kwa saa. Huna haja ya kurudisha yote. Ukimaliza mbio ukiwa umepungua kilo moja hivi, yaani kama asilimia mbili ya uzito wako, hapo hujaharibu kitu. Kwa mbio ya saa mbili na robo, mwenye jasho kama hilo atahitaji mililita 800 au zaidi kidogo kwa saa. Rafiki yako mwembamba asiyetoka jasho sana anaweza kutosheka na 400. Ndiyo maana siwezi kukuandikia namba moja ya watu wote, na anayekuandikia usimsadiki.

Hapa nishike mkono wako vizuri. Kuna wanaosikia habari za kiu wakaenda kupita kiasi upande wa pili, wakanywa maji matupu kila meza waliyoikuta. Maji yakizidi, chumvi ya kwenye damu inazimuliwa, ubongo unavimba. Kwenye marathoni ya Boston ya 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 chumvi yao imeshuka chini ya kiwango, na hatari ilikuwa kubwa kwa waliomaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza, na kwa waliokimbia zaidi ya saa nne. Maana yake wanaokwenda taratibu, ambao wengi wao ni sisi, ndio wanaopata nafasi ya kunywa kupita kiasi. Pete ikikubana kidoleni, kichwa kikigonga, ukitapika na huku umekunywa sana, acha maji. Mtu akianza kuongea ovyo, mpelekeni hospitali mara moja, msimmiminie maji mdomoni.

Tofautisha na aliyezidiwa na joto: mwili unawaka, anayumba, anachanganyikiwa. Huyo mpoozeni kwanza hapohapo, kivulini, mwageni ndoo za maji mwili mzima, mpepeeni kwa khanga, halafu ndipo safari ya hospitali. Hata dakika chache ni nyingi mno kusubiri gari bila kumpooza.

Turudi barabarani kwako. Umeuliza utabebaje maji yote hayo. Chupa mbili mkononi zinachosha mabega. Umesema una kaka mdogo mwenye baiskeli. Huyo ndiye jibu. Mkenya Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, saa 1 dakika 59 na sekunde 40, chupa zake zilikuwa zinaletwa na waendesha baiskeli ili asipunguze mwendo. Msaada huo ni mojawapo ya sababu muda ule haukuandikwa kama rekodi ya dunia, kwa hiyo siku ya mashindano usitegemee baiskeli, tegemea meza za maji. Lakini kwenye mazoezi mpe dogo chupa mbili na tende, akae mita kumi mbele yako, akupe kila dakika kumi na tano. Usalama pia unapata, maana alfajiri msichana peke yake barabarani mimi sijapenda. Asipokuwepo, mwachie chupa mama muuza vitumbua wa njiani unayemwamini, au kimbia mzunguko mfupi unaorudi nyumbani kila kilomita tano. Maji ya visima vya njiani yasiyochemshwa usinywe. Wala usishuke Ruvuma kunawa uso. Wewe ni mwenyeji, unajua mamba wa mto ule kuliko mimi, lakini mtu aliyechoka husahau anachokijua.

Kama bado unaona kunywa njiani ni udhaifu, mtazame mkimbiaji wetu wa marathoni, Alphonce Simbu. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, kwenye joto lenye unyevu kama letu, alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye mstari wenyewe. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, na mimi nililia mbele ya televisheni bila kuona haya. Kwenye mbio za kiwango hicho kila kilomita tano kuna meza, na kila mkimbiaji anawekewa chupa yake aliyoichanganya mwenyewe. Bingwa wa dunia anapangiwa chupa zake mapema hivyo, wewe unaondoka na chai.

Yaliyobaki ni yetu wanawake, na wavulana wasome pia, wana dada. Uliandika kwamba miezi miwili sasa hedhi haijaja na ukafurahi kwamba inakurahisishia mazoezi. Usifurahi. Kama hakuna mimba, hiyo mara nyingi ni ishara kwamba unakula kidogo kuliko unavyotumia, na mwili umeanza kufunga milango. Ukiendelea, mifupa inadhoofika, na mkimbiaji wa kike mwenye mifupa dhaifu hupata nyufa kwenye mifupa ya mguu bila hata kuanguka. Nenda kituo cha afya ukaonwe, na upimwe wingi wa damu hukohuko. Wakati huohuo ongeza mlo mmoja kwa siku: kiporo cha wali saa nne, au uji wa karanga jioni. Kwa ajili ya damu kula dagaa, maini, kunde, kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa vizuri, na chai iache ikae mbali na chakula angalau saa moja, kwa sababu inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Msimu wa mabibo ukifika, kula bibo na chakula chako. Lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, na vitamini hiyo husaidia chuma kuingia. Watu wanatupa mabibo shambani chungu nzima, wanaokota korosho tu, na mimi roho inaniuma kila nikipita. Yakiwa uraka hayo ni mambo mengine: baada ya mbio ndefu pombe inakuongezea ukavu na kukuchelewesha kupona.

Ukimaliza kukimbia kula ndani ya saa moja. Wali na samaki, au uji mzito na korosho zako. Kunywa taratibu mpaka mkojo urudi kuwa na rangi ya majani makavu mepesi.

Na Ramadhani, wengi mmeniuliza. Mbio ndefu mchana umefunga, hapana. Kimbia nusu saa nyepesi kabla ya magharibi, ili futari ikukute mlangoni, au fanya mazoezi baada ya tarawehe. Daku usiliruke, na humo weka wanga na maji ya kutosha. Mbio ya kilomita 18 itakusubiri Shawwal.

Jumapili hii usikimbie 18 tena. Kimbia 12, dogo mbele na baiskeli, chupa moja ya mchanganyiko na tende sita. Jumamosi usiku kula wali. Jumatatu nenda kituo cha afya kwa lile la hedhi, hilo ndilo la kwanza kabla ya mbio zote. Kisha niandikie uzito wako kabla na baada, ulikunywa kiasi gani, tumbo lilisema nini, na bibi alisema nini.

Dada yako.